Msikilizaji wa Pili

Watoto wa madrasa walimwita Dada Kinasa kwa sababu ya kinasa sauti alichokivaa shingoni kama filimbi ya mwamuzi. Kabla ya hapo hakuwa na jina la utani. Alikuwa binti wa Maalim basi, yule aliyehifadhi Kitabu chote angali mdogo, ambaye akina mama wa mtaa walimtaja kila walipotaka kuwasuta mabinti zao. "Mwenzio yuko chuo kikuu na mtandio haujamdondoka." Yeye aliyasikia hayo akaona haya, maana alijua kilichokuwa kikidondoka huko chuo kikuu. Zilikuwa zikidondoka alama.

Alikuwa akisoma shahada ya pili ya isimu, upande wa matamshi. Insha yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu, ungedhani imechinjiwa kuku. Msimamizi wake alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye kila mtu alimwita Profesa, hata wale wasiompenda. Binti alikuwa ameandika kwamba inajulikana wazi kuwa lugha ni neema. Profesa aliandika pembeni, "Inajulikana na nani?" Mwishoni binti alikuwa amefunga kwa dua. Hiyo Profesa hakuikata. Aliizungushia duara, akaandika chini yake, "Amina. Lakini ihamishie kwenye shukrani."

Alikwenda nyumbani na insha ile akitarajia baba yake ataghadhibika kwa niaba yake. Maalim aliisoma akiwa amekaa kizingitini, akacheka mpaka kofia ikamwenda upande.

"Huyo mama ana akili," alisema. "Sisi nasi hatupokei neno mpaka tujue limetoka kinywani mwa nani. Mwambie nani kasema, binti yangu. Shida iko wapi?"

Kwa hiyo alijifunza. Alijifunza kuandika "baadhi ya wazungumzaji" pale alipozoea kuandika "watu wote". Alijifunza kwamba kuuliza swali si kutia shaka, na kwamba mtu anaweza kuandika ukurasa mzima bila kutaja Muumba na bado awe amemkumbuka kila alipoinua kalamu. Kila faili jipya aliliandikia Bismillahi juu kabisa, kisha akaifuta dakika ya mwisho kabla ya kulituma. Mwenzake mmoja wa darasani, dada mcheshi aliyeimba kwaya kanisani kwake, alimwambia, "Wewe unaifuta, mimi nasali nikiwa nimeficha mikono chini ya meza. Tuko chama kimoja."

Ugumu ulianza kwenye tasnifu.

Tangu alipokuwa akimsaidia baba yake kufundisha, alikuwa amegundua jambo. Wale watoto waliosema "selasini" badala ya thelathini, na "samani" badala ya thamani, ndio hao hao waliokwama kwenye usomaji kila ilipotokea sauti ya th. Wengine walijirekebisha bila kufundishwa. Wengine walikaa na kosa lile mwaka hata mwaka. Kwa nini? Hakuna mwalimu aliyejua, kila mmoja alikuwa na njia yake, na walimu wengine njia yao ilikuwa fimbo. Baba yake hakuwahi kushika fimbo. Yeye alimrudisha mtoto sura ile ile mpaka ulimi unyooke. Binti alitaka kuwarekodi watoto wakisoma, ayaandike makosa yao sauti kwa sauti, kisha atafute mpango uliomo ndani yake. Profesa alilipenda wazo lile. Aliyelikataa ni Maalim.

"Unataka kuandika neno la Mungu likiwa limepotoka?" alimuuliza.

"Nataka kuandika jinsi watoto wanavyolitamka, baba."

"Limepotoka."

"Ndiyo. Pale wanapokosea."

"Uliandike, lichapwe, likae maktaba." Maalim aliweka kikombe chini polepole. "Mtoto akikosea, kosa linapaa hewani na Mungu anamsamehe. Wewe unataka kulifunga kwenye jalada. Hapana, mama. Katika hilo sina baraka za kukupa."

Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ingekuwa nafuu, maana binti angeweza kubishana. Alikaa na ile hapana kwa majuma kadhaa, akimkwepa Profesa kwenye korido, akiandika kurasa za utangulizi ambazo hazikugusa chochote. Alitafuta mada nyingine. Alifikiria matangazo ya redio, alifikiria majina ya maduka, na kila alipoanza aliona usingizi.

Kilichomfungua ni kitu alichokuwa akikiona maisha yake yote. Alasiri moja alikuwa amekaa nyuma ya madrasa, kile chumba kirefu cha bati kilichogusana na jiko lao, akiwapanga wadogo kwenye mikeka. Baba yake alikuwa mbele, anamrekebisha kijana mmoja. "Wewe unasema hivi," Maalim alisema, akalitamka lile neno vilevile alivyolitamka kijana, kwa kosa lile lile, na ulimi umelala pale pale. Watoto wakacheka. "Sasa sema hivi." Akalitamka sawasawa. Kisha akarudia lile la kosa, kisha lile la sawa, kama mtu anayeonyesha noti bandia kando ya noti halali.

Watoto walipotawanyika binti alimfuata akikunja mikeka.

"Baba, leo uliposoma kama yule kijana, ulikosea?"

"Nani kakosea? Nilikuwa namwonyesha kosa lake."

"Ili alijue."

"Ili aliache. Hujui unachokiacha, utakiachaje?"

Maalim alishika ncha ya mkeka, akamtazama. Kisha akaendelea kukunja. Aliondoka pale, na siku mbili nzima walikuwa wakipishana mlangoni kama wapangaji. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alinawa mikono, akaifuta kwa taratibu zake, akasema, "Sikiliza masharti."

Masharti yalikuwa matatu. Asiandike aya, aandike maneno moja moja. Asitumie herufi za Msahafu, atumie zile alama za wanaisimu ambazo, kwa maneno ya Maalim, zinafanana na nyayo za kuku na haziwezi kumkosea mtu heshima. Na jina la mtoto yeyote lisionekane. Binti aliyapeleka masharti kwa Profesa, akayasema kwa mkupuo mmoja. Profesa alimsikiliza, akavua miwani.

"Hayo matatu ningekudai mimi mwenyewe," alisema. "Mwambie mzee wako akiamua kubadilisha kazi aje tumwajiri."

Siku ile Dada Kinasa alirudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani mpaka watu wakamwamkia wakidhani wanamfahamu.

Wazazi wa watoto waliridhia, na yeye akaanza kurekodi. Miongoni mwa watoto alikuwepo msichana wa miaka kama minane aliyeitwa Pengo, kwa sababu meno yake ya mbele yaling'oka yote kwa mpigo na yakachelewa kuota. Meno yalikwisha kuota zamani, jina likabaki. Kilichobaki pia ni tabia. Walipomcheka alijifunza kusoma akiwa ameziba kinywa kwa ncha ya mtandio, na hakuwahi kuiacha. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayezungumza na paka. Maalim alikuwa amemweka kwenye sura moja kwa muda mrefu hata wadogo zake wakampita. Kila akimaliza aliambiwa, "Bado ile th, mwanangu. Rudia." Naye alirudia. Hakuwa mtoto wa kulia mbele za watu.

Rekodi zilipokamilika, Profesa alisema masikio ya mtu mmoja hayatoshi. "Wewe una hamu ya kupata jibu, na mwenye hamu husikia anachokitaka. Tafuta msikilizaji wa pili, mwenye sikio la kazi hiyo. Asikilize bila kujua wewe umeweka nini. Kisha tulinganishe."

Sikio la kazi hiyo lingekuwa la nani kama si la baba yake? Maalim alipoombwa alijifanya kusita, lakini siku ya kwanza alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Binti alimkalisha kwenye meza ya sebuleni na hedifoni kubwa nyeusi alizoazima idarani, zikakaa juu ya kofia. Mama alipita na ndoo, akasimama.

"Ehe, rubani," alisema. "Tunatua saa ngapi?"

Maalim hakumjibu. Alikuwa amefumba macho, kalamu mkononi, anaweka alama ya vema kwa neno lililotamkwa sawa na ya kosa kwa lililopotoka. Alifanya kazi ile kwa nidhamu ya ajabu. Wakati mwingine alirudisha neno mara nyingi na kukunja uso. "Mbona mmewarekodi kama wamo ndani ya mtungi?" alilalamika. "Watoto wa siku hizi wanameza maneno." Binti alidhani ni malalamiko ya kawaida, maana baba yake alikuwa akilalamika hivyo kuhusu redio, kuhusu simu na kuhusu mtoa mawaidha wa msikiti wa jirani.

Alipolinganisha majibu yao, alishangaa. Kwenye sauti nyingi walikubaliana karibu kila neno, hata pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Lakini kwenye th na s walitofautiana ovyo, kama vile mmoja wao alikuwa akirusha sarafu. Alidhani amechanganya faili. Akapanga upya, akarudia, ikawa vilevile.

"Hapo kuna mambo matatu," Profesa alimwambia. "Ama rekodi ni mbovu, ama wewe unakosea, ama yeye anakosea. Mpe mtu wa tatu, tujue."

Alimpa yule mwenzake wa kwaya, ambaye alikuwa hodari wa kusikia sauti kuliko darasa zima. Huyo alimaliza kazi kwa siku moja, na majibu yake yakaoana na ya Dada Kinasa kama mfuniko na sufuria.

Basi binti alianza kumtazama baba yake kwa jicho jingine. Alikaa nyuma ya madrasa akaona kitu ambacho hakuwahi kukizingatia. Mtoto aliposoma, Maalim alimtazama mdomoni. Ukisema th, ncha ya ulimi huchungulia kati ya meno, ukisema s hujificha. Baba yake alikuwa akisikiliza kwa macho. Hakuwa akijua kwamba anafanya hivyo, na kwa njia hiyo alikuwa akipata sawa karibu siku zote. Lakini hedifoni hazina midomo. Na kulikuwa na mtoto mmoja ambaye mdomo wake haukuonekana.

Jioni ile alichukua rekodi ya Pengo, akaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Th zote zilikuwepo. Safi, kila moja mahali pake. Mtoto alikuwa amelijua somo lake zamani.

Alifanya jambo ambalo baadaye alikuwa akilisimulia huku akitikisa kichwa. Alifungua sura ya tatu ya tasnifu, akafuta kila mahali palipomtaja mwalimu mwenye uzoefu, akaandika kwamba msikilizaji wa pili alikuwa mwanafunzi wa isimu. Sentensi ilikaa vizuri. Mlingano wa majibu ulipendeza. Ilikuwa kweli kwamba mwenzake alisikiliza, na hakuna mtu ambaye angeuliza kama kulikuwa na mwingine kabla yake. Tena, alijiambia, kumsitiri mzazi ni ibada. Amevaa hedifoni zile kwa mapenzi, nimlipe kwa kumwanika?

Lakini kila alipojaribu kusoma ukurasa ule macho yaliteleza. Alikuwa amewafundisha watoto wale wale maana ya amana, kwa mifano ya maziwa yaliyotiwa maji. Aliona kwamba amesimama kati ya wajibu wawili wa dini, na kila mmoja unamvuta mkono wake. Imani na chuo havikuwa vikigombana hata kidogo. Vyote viwili vilimwambia kitu kimoja, yeye ndiye aliyekuwa hataki kusikia.

Alimfuata mama yake, aliyekuwa akianua nguo uani, akamweleza yote.

Mama alisimama na shuka mkononi. "Hasikii?"

"Anasikia, mama. Sauti nyembamba ndizo zinampita. S na th, na za watoto, na za wanawake."

"Za wanawake." Mama alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Miaka yote hii ninamwita kutoka jikoni anapita kama hajaitwa, nikasema huyu mwanamume amenichoka. Nikasema kiburi cha uzee. Mara ngapi nimemnunia!" Akajifunika uso kwa shuka, mabega yakatikisika, na binti hakujua kama analia au anacheka mpaka shuka lilipoteremka. Alikuwa anafanya yote mawili. "Mwambie," alisema akifuta macho. "Usipomwambia wewe, atakuja kuambiwa na mtoto wa watu, tena mbele za watu."

Alimwambia kesho yake, madrasa ikiwa tupu. Alitafuta maneno njiani kote, na alipofika yote yakamtoka. Akasema tu, "Baba, naomba ugeukie ukutani. Nitasema neno, wewe uniambie ni lipi. Thamani, au samani."

"Mchezo gani huu?"

"Mara chache tu, baba."

Maalim akageuka, akakabili ubao. Binti akasema samani.

"Rudia."

"Samani."

"Usinong'one."

"Sinong'oni, baba."

"Thamani," Maalim alisema.

Akaendelea kusema, moja baada ya jingine, naye akawa anajibu, mwanzoni upesi, kisha polepole, kisha akawa anauliza badala ya kujibu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alipogeuka, binti alitarajia kuona hasira. Baba yake alikuwa amekunjamana uso kwa namna nyingine.

"Pengo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Yule mtoto anasoma sawa?"

"Anasoma sawa. Tangu niliporekodi, na pengine tangu zamani."

Maalim alikaa kwenye mkeka, mahali pa wanafunzi. "Nimemrudisha, nimemrudisha. Na hakusema neno." Alikaa hivyo akipapasa nyuzi za mkeka. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na humo kwenye kitabu chako umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba msikilizaji wa pili alikuwa mwenzangu wa chuo."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, lakini si yote."

"Basi andika yote."

"Baba, watu watasoma..."

"Wasome. Jina langu usiliweke, kama usivyoweka la mtoto yeyote. Lakini andika palikuwa na mwalimu, akasikiliza, na masikio yake yalikuwa yamechoka pasipo yeye kujua. Huenda yuko mwingine kama mimi mahali fulani, ana mtoto kama huyu mbele yake." Akanyoosha mkono ili ainuliwe. "Na usilie. Mimi ndiye niliyeambiwa kiziwi, wewe unalilia nini?"

Binti alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoanza kupumua tena hadi tumboni.

Walikwenda hospitali watatu, kwa kuwa mama alikataa kuachwa. Kwenye kliniki ya masikio kulikuwa na mtaalamu kijana, dada mwenye maneno machache, aliyemwingiza Maalim katika kibanda kidogo cha kioo na kumpa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Wao walikuwa nje wakimtazama. Mashine ilianza na milio mizito, naye akabonyeza bila kukosa. Milio ilipokuwa ikipanda kidole kikaanza kusita. Kisha kikatulia kabisa, na Maalim akabaki akitazama kioo kwa subira, akingoja kitu ambacho wenzake nje walijua kinalia.

Kilichokuwa kikimtisha hakukisema mpaka alipotoka. "Masikio yataziba kabisa?" aliuliza. "Niambie ukweli, binti. Mimi chakula changu ni kusikia."

"Hayazibi, mzee wangu," mtaalamu alisema, safari hii akimtazama usoni na kusema polepole. "Ni umri. Umri huezua paa kuanzia juu, sauti nyembamba ndizo hutangulia. Chini kote kwako kuko imara, wengi wa rika lako wangekuonea wivu. Tutakupa kifaa, kitakurudishia sehemu kubwa ya hizo za juu."

"Alhamdulillahi," alisema Maalim, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia. Kisha akaongeza, "Mke wangu anataka kujua kama kuna dawa ya mtu anayesikia kila kitu isipokuwa akitumwa sokoni."

"Hiyo hatuna," alisema mtaalamu.

Mama alicheka mpaka mhudumu wa mapokezi akachungulia.

Siku ya kwanza ya kifaa, Maalim aliomba nyumba nzima inyamaze, kisha akazunguka akigusa vitu. Alikunjua mfuko wa plastiki, akaruka. "Kumbe una kelele hivi?" Alisugua kanzu yake, akasikiliza. Alisimama mlangoni ambapo ndege walikuwa wakigombana juu ya bati na akakaa pale kitambo, hata mama akaacha kumtania.

Alasiri alimwita Pengo. Alimwita baada ya wengine kusoma, lakini hakuwatoa nje, kwa kuwa makosa yake aliyafanya mbele yao.

"Soma, mwanangu. Ukitaka kuziba kinywa, ziba. Hakuna taabu."

Msichana alisoma akiwa ameziba, kwa ile sauti yake ya kuzungumza na paka. Maalim alikuwa amefumba macho. Mtoto alifika kwenye neno ambalo kila siku lilimrudisha mwanzo, akasita kwa mazoea, akangoja kukatizwa. Hakukatizwa. Akaendelea hadi mwisho.

"Ulikuwa sawa," Maalim alisema. "Ulikuwa sawa leo, na siku nyingi kabla ya leo. Wewe meno yako yaliota, masikio yangu ndiyo yaliyokuwa na pengo. Nisamehe."

Watoto walipasuka kwa kicheko, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imetolewa. Pengo hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo naenda sura inayofuata?"

"Unaenda inayofuata."

"Leo?"

"Leo, mwanangu. Ukitaka, sasa hivi."

Akafungua ukurasa pale pale, na Dada Kinasa aliyekuwa amekaa nyuma aliona kwamba mtandio umeteremka hadi kidevuni na mtoto hana habari nao.

Tasnifu iliandikwa upya. Sura ya tatu ikaeleza habari za mwalimu wa madrasa, kazi aliyoifanya, jinsi macho yalivyosaidia masikio, na kwa nini majibu yake hayakutumika kwenye sauti mbili na yakatumika kwenye nyingine zote. Profesa aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akarudisha kurasa zile zikiwa na masahihisho ya nukta na mkato peke yake. Mahali pamoja alikuwa ameandika, "Hapa ningependa kujua zaidi," ambayo kwake yeye ilikuwa sawa na kupiga vigelegele.

Siku ya kuitetea, jopo lilimkalisha kwenye chumba chenye feni iliyokuwa ikilalamika. Mtahini wa nje, bwana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukatisha tamaa, alikwenda moja kwa moja kwenye sura ile. Alimuuliza kwa nini hakuyaacha kabisa majibu ya mwalimu, jambo ambalo lingeifanya kazi ionekane safi.

Dada Kinasa alikuwa ametayarisha jibu la kitaalamu lenye marejeo. Alilianza, likamshinda katikati. "Kwa sababu yalitokea," alisema. "Na kwa sababu kuna mtoto ambaye angebaki pale pale."

Bwana yule aliandika kitu. Walimtoa nje, akasimama koridoni na mwenzake wa kwaya, ambaye alikuwa amekuja na viatu vya kanisani ili amletee bahati. Mmoja alisoma dua kimoyomoyo, mwingine alisali kwa sauti ya chini, wala hawakuzibana nafasi. Mlango ulipofunguka Profesa alitokea akiwa amevaa miwani yake vibaya, na kabla hajasema neno walijua.

Alikuwa amefaulu, na marekebisho madogo ya mwezi mmoja.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Alimwambia mama, alimwambia baba, alikubali kukumbatiwa na jirani mmoja aliyedhani ni habari za posa. Kisha akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka wa sebuleni ili anyooshe mgongo kidogo, na usingizi ukamchukua akiwa na mkoba begani. Mama alimvua mkoba, akamfunika kanga, akaenda mlangoni mwa madrasa kuwaomba watoto wapunguze sauti. Walipunguza kwa muda wa pumzi mbili. Kisha wakaendelea kusoma kwa nguvu zote, naye akalala vivyo hivyo mpaka jioni.